Usiku wa Saa 13 na Nusu: Vifaa vya Kuongeza kwa Safari ya Kwanza ya Majira ya Baridi

Kisa chenyewe ni hiki. Mwanamume wa miaka 34, mzaliwa wa Moshi, amefanya upagazi Kilimanjaro kwa misimu mitano, na sasa anaishi Albany, jimbo la New York. Tutamwita Mgumu, maana ndivyo wapagazi wa mlima ule wanavyoitana. Tangu Mei hadi Oktoba amekuwa akipanda milima ya Adirondack na kulala msituni, na vifaa vyake vimemtosha. Sasa anataka kulala nje siku mbili katikati ya Februari karibu na Marcy Dam, mahali pa kupigia kambi msituni, km 3.7 kutoka maegesho ya nyumba ya wageni ya Adirondak Loj, nje kidogo ya mji wa Lake Placid. Utabiri wa wiki hiyo ni nyuzijoto -9 mchana na -20 usiku, upepo hafifu, theluji ya sm 70 ardhini. Ametenga dola 400.

Alichonacho: hema la misimu mitatu, begi la kulalia la manyoya ya bata lenye lebo ya -7, godoro la kujaza hewa, jiko dogo la gesi linalokaa juu ya mtungi, chujio la maji, shanta la lita 55, viatu vya ngozi vya mlimani, jaketi la mvua, flisi moja (sweta la nyuzi laini za viwandani), jaketi jepesi la manyoya, na glavu pea moja. Alichoandika kwamba anahitaji: begi la -29, hema la misimu minne, kramponi za meno 12 (vyuma vya kufunga kwenye kiatu ili kisiteleze kwenye barafu), sururu ya barafu na miwani ya dhoruba. Jumla ya orodha hiyo inapita dola 1,500.

Orodha hiyo ni ya mtu anayeikumbuka Kilimanjaro, na kuna haja ya kueleza kwa nini inampotosha. Baridi kali anayoijua Mgumu ni ya usiku wa kilele: wageni huondoka Barafu Camp, mita 4,673, karibu saa sita ya usiku, hutembea bila kukaa, jua huwakuta karibu na Uhuru, na kufikia mchana wameshaanza kushuka. Ni baridi ya mtu anayetembea, na jua la ikweta linakuja kuikausha soksi yake. Huko juu pia, maji yamechemshwa na mpishi na hema limesimamishwa na wenzake. Adirondack mwezi wa Februari jua linazama karibu saa kumi na moja na nusu jioni na kuchomoza karibu saa moja asubuhi. Hizo ni saa 13 na nusu za giza, na karibu zote mtu amekaa au amelala. Kesho yake hakuna jua la kukausha kitu: mchana wenyewe ni -9. Kilicholowa jana kitakuwa kimeganda leo.

Kwa hiyo swali la vifaa ni hili: nini kitamhifadhi mtu aliyetulia, na nini kitazuia unyevu usijilimbikize kutoka usiku wa kwanza hadi wa pili? Likiulizwa hivyo, sehemu kubwa ya orodha ya Mgumu inaanguka yenyewe. Kramponi, sururu na miwani ni vya juu ya mstari wa miti, yaani pale ambapo miti haioti tena, na safari hii haifiki huko. Kilele cha Mount Marcy, mita 1,629, kiko zaidi ya km 8 mbele ya Marcy Dam, tena kiko wazi kwa upepo. Si mahali pa kujifunzia kulala kwenye theluji. Hema la misimu minne nalo ni la upepo mkali na theluji nzito. Chini ya misonobari, hema alilonalo linatosha akilisimamisha inavyopaswa.

Tuanze chini ya mgongo, kwa sababu hapo ndipo watu wengi hukosea kwanza. Mwili ukilala juu ya begi, manyoya ya upande wa chini yanabanwa na kubaki kitambaa tu. Kinachozuia baridi ya ardhi ni godoro. Magodoro hupimwa kwa namba ya R, inayoonyesha jinsi godoro linavyozuia joto kupotea, na kwa kuwa sasa kuna kipimo cha pamoja, ASTM F3340, namba za watengenezaji mbalimbali zinaweza kulinganishwa. Godoro la Mgumu lina R 4.2. Lilimtosha Oktoba. Kwa kulala juu ya theluji usiku wa -20 tunataka 5.5 au zaidi, na habari njema ni kwamba namba hizi hujumlishwa: mkeka wa povu wa kukunja, wenye R karibu 2 na bei ya dola 50 hivi, ukiwekwa pamoja na godoro lake unatoa 6.2. Hakuna dola 50 nyingine katika safari hii zitakazofanya kazi kubwa kuliko hizi. Mkeka ukae chini, godoro juu; hivyo unalinda godoro dhidi ya vijiti na vipande vya barafu. Godoro likitoboka usiku, angalau mkeka upo, na mtu atalala vibaya lakini atalala. Mchana mkeka huohuo ni kiti, na wakati wa kupika ni pa kusimama kwa miguu.

Godoro la hewa lisijazwe kwa mdomo. Pumzi ina mvuke, mvuke unaganda ndani, na kila usiku barafu inaongezeka. Tumia mfuko wa kupampia, hata kama ni ule mwepesi uliokuja nalo.

Sasa begi. Lebo ya -7 ina maana mbili na muuzaji huandika ile inayovutia zaidi. Chini ya kipimo cha ISO 23537 kuna joto la starehe na joto la kikomo. Kikomo ni pale mwanamume wa kawaida, amejikunja, anaweza kumaliza usiku bila kutetemeka. Begi lenye kikomo cha -7 kwa kawaida lina starehe ya karibu -1. Kati ya -1 na -20 kuna pengo ambalo soksi za ziada haziwezi kuliziba, na hapa ni lazima tuseme wazi: mtu asiende na begi hilo peke yake kwa matumaini kwamba atavaa nguo zote.

Njia ni mbili. Ya kwanza ni kukodi begi la -29. Maduka mengi ya vifaa vya milimani na klabu za vyuo vikuu hukodisha, na kwa safari moja gharama ni sehemu ndogo ya bei ya kununua. Ya pili ni kuvalisha begi lake begi jingine: jepesi, la nyuzi za viwandani, lenye kikomo cha karibu 0. Makadirio yanayotumika kwa mabegi mawili yanaleta mchanganyiko huo kwenye -17 hivi. Haufiki -20, lakini jaketi nene na chupa ya maji moto vinaweza kujaza pengo lililobaki. Begi la juu liwe pana. Likibana la ndani, manyoya yanalala na joto linapotea, na utakuwa umebeba mabegi mawili kwa faida ya moja.

Njia ya pili ina faida ambayo wengi hawaioni. Mwili hutoa mvuke usiku kucha, na mvuke huo husafiri kwenda nje hadi unapokutana na baridi, kisha unageuka umande au barafu. Ukiwa na begi moja la manyoya, mahali hapo ni ndani ya manyoya. Usiku wa kwanza hutambui. Usiku wa pili begi limekuwa zito kidogo, na ukilishika karibu na miguu unahisi vidonge vigumu. Manyoya yaliyolowa hayajai, na begi lisilojaa halina joto. Ukiwa na mabegi mawili, sehemu kubwa ya umande huo inaganda kwenye lile la nje, na nyuzi za viwandani huendelea kutunza joto hata zikiwa na unyevu. Kwa safari za siku tano tungependekeza njia hii bila kusita. Kwa siku mbili, na kwa mara ya kwanza, tunamwambia Mgumu akodi la -29: nafasi ya kukosea inakuwa kubwa zaidi. Kwa vyovyote vile, asipumulie ndani ya begi. Pua na mdomo vibaki nje, uso ufunikwe kwa skafu ya shingo ya kitambaa, kichwani kofia.

Juu ya jaketi hatuna mjadala mrefu. Jaketi jepesi alilonalo ni la kuvaa ndani. Anahitaji moja kubwa, lenye kofia, linaloweza kuvaliwa juu ya kila kitu, hata juu ya jaketi la mvua, na la kutolewa juu kabisa ya shanta mara anaposimama. Likiwa la mtumba ni sawa. Cha kuangalia ni ujazo, zipu inayofungika ukiwa na glavu, na mikono mirefu inayofunika kifundo. Pamba yoyote ibaki nyumbani, fulana na chupi pia.

Jiko linahitaji maelezo zaidi, kwa sababu hapa kifaa kizuri cha kiangazi kinakataa kufanya kazi kabisa, na kinakataa saa ile unayohitaji maji. Mtungi wa gesi una mchanganyiko, kwa kawaida wa isobutani na propani. Propani huchemka kwa -42, isobutani kwa karibu -12, na butani ya kawaida kwa nusu nyuzi chini ya sifuri. Gesi inatoka kwenye mtungi pale tu inapochemka. Kwenye -20 propani inatoka kwanza, moto unaonekana mzuri kwa dakika chache, kisha unadhoofika, na kilichobaki ndani ni kimiminika kisichotaka kupanda. Ukitikisa mtungi utasikia kinachezacheza, na moto haupo. Wapo wanaolala na mtungi ndani ya begi na kuusimamisha kwenye bakuli la maji vuguvugu. Inasaidia kwa chai ya asubuhi. Kuyeyushia theluji ya siku nzima ni jambo jingine.

Na ni lazima ajue kwamba moto wa kuni hautamwokoa: sehemu ya High Peaks, hifadhi ya milima mirefu ya Adirondack, ambamo Marcy Dam imo, hairuhusu moto wa kambi. Jiko ndilo maji yake, ndilo joto lake.

Tunamshauri jiko la kupampu linalotumia mafuta meupe, naftha iliyosafishwa. Mgumu ameona majiko ya namna hiyo ya mafuta ya taa, kwa hiyo mkono wake unajua kazi. Hatua ni hizi: jaza chupa hadi kwenye mstari tu, bila kupita, ili hewa ipate nafasi, pampu mara 15 hadi 20, fungua kidogo mafuta ya kama kijiko yaingie kwenye kikombe cha chini, funga, washa, ngoja ule mwali wa njano ukaribie kuzimika, ndipo ufungue polepole. Ukifungua mapema, mafuta yanatoka mabichi na mwali unapanda hadi usoni. Kwa hiyo jiko liwashwe nje, si ndani ya hema. Hata likishatulia lisiingizwe hemani, kwa sababu ya kaboni monoksidi, ambayo haina harufu wala haimwamshi mtu. Jambo la pili ambalo watu wa joto hawalitegemei: mafuta haya hayagandi, kwa hiyo yakikaa nje yana baridi ya hewa, -20. Yakimwagikia vidole yanagandisha ngozi papo hapo. Avae glavu za plastiki au za mpira anapojaza.

Kiasi gani? Kugeuza kilo moja ya theluji ya -20 kuwa maji ya nyuzi 0 kunahitaji joto la karibu kilojuli 376. Kuyachemsha maji hayo kunahitaji 418 nyingine. Yaani kuyeyusha peke yake ni karibu sawa na kuchemsha, na ukifanya yote mawili unatumia mafuta maradufu ya yule aliyeanza na maji. Kwa mtu mmoja anayeyeyusha theluji tunahesabu ml 200 kwa siku. Kwa safari hii, ambayo usiku wake mbili unagusa siku tatu, ml 600. Kijito cha Marcy kinapita pale pale, na mara nyingi kuna tundu ambapo maji yako wazi. Akilipata, matumizi yanashuka. Asipange safari kwa kulitegemea, na asisimame ukingoni kwenye barafu ya kijito kuchota: afunge kamba kwenye chupa.

Sufuria isijazwe theluji kavu. Anza na maji ya kikombe kimoja yaliyobaki, yapate moto, kisha ongeza theluji kidogo kidogo. Theluji kavu hunyonya maji yake yenyewe, chini kunabaki hewa, sufuria inaungua na maji yananuka moshi. Theluji mpya ni nyepesi mno: lita 10 zake hutoa kama lita moja ya maji, kwa hiyo mfuko mkubwa wa plastiki uliojazwa theluji safi kabla ya kuwasha unaokoa safari kumi za kwenda na kurudi. Chini ya jiko weka kipande cha plaiwudi cha sm 20 kwa 20. Bila hicho jiko litayeyusha shimo lake, litainama, na chakula kitamwagika.

Chujio la maji libaki nyumbani. Vile vya nyuzi zenye matundu vikiganda mara moja hupasuka ndani bila kuonekana, na hapo vinapitisha kila kitu. Maji yatachemshwa hata hivyo. Dakika moja ya kutokota inatosha kwenye mwinuko huu. Mrija wa kunywea nao unaganda ndani ya dakika chache. Achukue chupa mbili za lita moja zenye mdomo mpana, na azihifadhi zimepinduliwa, mdomo chini, ndani ya soksi nene. Barafu huanza juu. Chupa ikiwa imepinduliwa, juu ni kitako, na kifuniko kinafunguka. Usiku chupa moja ijazwe maji moto, ikazwe, itikiswe juu ya theluji kuona kama inavuja, kisha iingie kwenye begi, kati ya mapaja. Asubuhi ni maji ya kuanzia chai.

Kwa miguu, tatizo la viatu vyake vya ngozi ni ukubwa kuliko unene. Vilinunuliwa kwa soksi ya kiangazi. Mtu akiona baridi anaongeza soksi ya pili, kiatu kinabana, damu haifiki vidoleni, na vidole vinaganda ndani ya soksi mbili nzuri. Jaribio ni rahisi: vaa soksi nene, kaa dakika 20, kisha chezesha vidole vyote. Visipocheza kwa uhuru, kiatu hicho si cha safari hii. Vya Mgumu havikucheza. Akodi au anunue buti za baridi zenye tabaka la ndani linalotoka, na achukue ukubwa unaoacha nafasi. Ndani yake, kuanzia kwenye ngozi: soksi nyembamba, mfuko wa plastiki wa mkate, soksi nene. Mfuko unazuia jasho lisifike kwenye soksi nene wala kwenye kiatu. Mguu utakuwa na unyevu, haufurahishi, lakini una joto, na jioni anabadilisha soksi nyembamba tu. Tabaka la ndani la buti lilale kwenye begi pamoja naye, limefungwa kwenye mfuko. Buti iliyogandia nje haiingii mguu asubuhi.

Hapa tunaongeza jambo ambalo miongozo mingi haiandiki. Tafiti za majeshi ya Marekani na Uingereza zimeonyesha kwamba wanajeshi wenye asili ya Afrika hupata majeraha ya baridi mara nyingi zaidi kuliko wenzao, hasa vidoleni mwa mikono na miguu. Tena miongozo humwambia mtu atafute ngozi iliyogeuka nyeupe. Kwenye ngozi nyeusi dalili hiyo inaweza isionekane hivyo: inaonekana kama majivu, imekauka, ina mng'ao wa nta, na ikiguswa ni ngumu. Usingoje rangi. Kidole kilichokuwa kinauma kikaacha kuuma bila kupata joto ndicho cha kutolewa na kupashwa mara moja, kwapani au tumboni mwa mwenzako. Usikisugue, wala usikisugue kwa theluji.

Kwa sababu hiyo glavu pea moja haitoshi hata kidogo. Ziwe pea tatu: nyembamba za kuvaa daima, hata wakati wa kufunga kamba; za kifuko, vidole vinne vikikaa pamoja, zenye ganda la nje la kuzuia maji; na pea ya akiba ya kifuko, kavu, ndani ya mfuko usiopitisha maji, isiyoguswa mpaka zile za kwanza zilowe. Kila pea iwe na kamba ya kifundoni. Glavu iliyopeperuka msituni hairudi.

Viatu vipana vya theluji si hiari. Kanuni za High Peaks zinataka mtu avae hivyo au ski pale theluji inapozidi sm 20, na kuna sababu ya haki: anayetembea kwa buti tupu anaacha mashimo ya kina cha goti, yanaganda, na anayekuja nyuma anavunja kifundo. Vinakodishwa palepale Loj, pamoja na vyuma vidogo vya kuvalisha kwenye kiatu kwa njia iliyobanwa na kuwa barafu. Achukue vyote viwili. Geta za kufunika kuanzia kiatu hadi chini ya goti zizuie theluji kuingia juu ya kiatu.

Mengine ni haraka. Koleo dogo la theluji, la kusawazishia mahali pa hema na kuchimba shimo la miguu mbele ya mlango. Vigingi vya kawaida havishiki kwenye theluji: funga kamba kwenye kijiti kikavu kilichoanguka, kifukie, kikanyage, ngoja nusu saa kigande. Matundu ya hewa ya hema yaachwe wazi ingawa moyo unakataa. Tochi ya kichwa iwe na betri za lithiamu, kwa sababu za alkalini zinalegea kwenye baridi, na simu ikae kifuani. Chupa ya kukojolea, yenye alama inayotambulika gizani kwa kidole. Vibanda vya magogo vya kuta tatu vipo Marcy Dam, ila ni vya anayewahi, na haviruhusiwi kusimamishiwa hema ndani. Kwa hiyo hema linabebwa.

Chakula Mgumu alikuwa amepanga vizuri kuliko vifaa. Ugali wa jioni unafaa, ulaji wake uwe wa moto na uishe, maana kiporo kitakuwa jiwe. Chapati zikatwe vipande vyembamba nyumbani, chokoleti na jibini vilevile. Kashata haifai, itavunja jino. Karanga za kukaanga, siagi ya kutia kwenye kila kitu, tangawizi ya chai. Tunahesabu kalori 4,000 kwa siku, na konzi ya karanga kabla tu ya kufumba macho, kwa sababu mwili unaomeng'enya mafuta unajipasha.

Kabla ya kwenda alilala nyuma ya nyumba, usiku wa -11, na hilo ndilo jaribio tunalomtaka kila mtu alifanye, mlango wa jikoni ukiwa hatua kumi. Yaliyojitokeza: zipu ya jaketi kubwa haikushikika kwa glavu, akafunga kipande cha kamba cha sm 5. Ngozi ya pampu ya jiko ilikuwa imekauka na haikushika hewa, akaipaka matone mawili ya mafuta ikafufuka. Sasa ana ya akiba. Saa tisa usiku bega la kushoto lilikuwa baridi: godoro lilikuwa limehama juu ya mkeka. Ukanda mmoja wa kamba ya mpira umezifunga pamoja. Na asubuhi alichukua saa moja na dakika 50 kutoka kuamka hadi shanta mgongoni. Wengi huchukua hivyo. Ajipangie.

Mkeka, chupa, glavu na mafuta vilinunuliwa vipya. Jaketi kubwa na jiko ni vya mtumba. Begi, buti na viatu vya theluji ni vya kukodi. Dola 400 zilitosha, zikabaki chache za maegesho. Shanta la lita 55 lilijaa kabla jaketi halijaingia, akaazima la lita 70, mkeka ukafungwa nje. Lilipima kilo 20 na nusu, nusu kilo juu ya uzito ambao mpagazi wa Kilimanjaro anaruhusiwa kubeba. Mgongo wake unaujua uzito huo. Kasi ndiyo aibadilishe: aanze akihisi baridi kidogo, flisi ikiwa shantani, na akianza kutoa jasho apunguze mwendo kabla hajavua nguo, maana jasho la km 3.7 ndilo litakalolala naye.

Masharti ya kurudi yaliandikwa kwenye karatasi na kuachwa kwa mtu Albany, pamoja na saa ya mwisho ya kupiga simu. Utabiri ukishuka chini ya -25, safari inaahirishwa, kwa sababu namba zote hapo juu zilihesabiwa kwa -20. Mvua ikitabiriwa, hata kwa nyuzi 1 juu ya sifuri, inaahirishwa vilevile. Mvua ikifuatwa na baridi ni mbaya kuliko -20 kavu. Jiko likikataa jioni ya kwanza, begi likilowa, au vidole vikishindwa kufunga zipu, anafunga vyake na kurudi gari lilipo, km 3.7 za njia iliyokanyagwa, tochi kichwani, hata kama ni saa nane za usiku.